Dawa ya Unga kwa Uso wa Dada

Kwenye rafu ya bafu langu, hapa Buruburu, kuna chupa mbili ambazo nimezigombanisha kwa miaka mingi. Moja ni kubwa, ya kioo cha kahawia, na ndani mna dawa ya unga niliyoikoroga mwenyewe kwa maji moto. Nyingine ni ndogo, inaenea kwenye kiganja, na ndani mna dawa ya maji, nzito, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyolala. Kazi ya zote mbili ni moja, kusafisha filamu za picha nyeusi na nyeupe. Lakini kila moja ina tabia yake, na mtu akikuambia zinafanana, huyo hajawahi kuzitumia au ni mwongo.

Filamu ina punje. Ukiikuza picha vya kutosha utaziona, hasa kwenye anga na kwenye mashavu ya watu. Dawa ya unga huzilamba punje hizo pembeni, zikawa ndogo, picha ikatoka laini kama shati lililopigwa pasi. Ila ukali wa picha unapungua kidogo, na ndiyo hasara yake. Dawa ya maji haina huruma hiyo. Punje inaziacha jinsi zilivyo, halafu mahali ambapo weusi unakutana na weupe inachora ukingo, ukingo mkali, mpaka unahesabu nyuzi za sweta la mtu. Yote mawili huyapati kwa mpigo. Ukitaka ulaini utapoteza ukali, na ukitaka ukali utazivumilia punje.

Mimi nilikuwa mtu wa dawa ya maji. Wacha! Nilikuwa naihubiri. Ukinipa nafasi kwenye kikao cha wenzangu, sisi wachache wa Nairobi ambao bado tunapiga filamu wakati kila mtu ana simu, ningekuambia kwamba picha laini ni ya waoga. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya watu wazima, na kuna walioitikia.

Kazi yangu ya mchana ni ufundi wa maabara katika shule ya sekondari. Kupima, kuchanganya na kuandika tarehe kwenye chupa ni mambo ninayofanya hata nikiwa na usingizi. Lakini picha sikufundishwa na shule. Nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa na studio Shauri Moyo, karibu na nyumba za kaunti tulikokulia. Alikuwa mtu mkavu, mchungu wa maneno, anayekunywa soda moja kutwa nzima. Alipofunga studio, simu zilipomaliza wateja, alinipa mkebe wake wa kusafishia filamu na mashine yake ya kukuzia picha, akaniambia nivichukue kabla hajabadilisha mawazo.

Mzee huyo alikuwa na desturi moja. Kabla hajachanganya dawa, alimwuliza mteja, "Hii picha itakaa kwa nani?" Wateja walidhani ni mazungumzo tu ya kupitisha wakati. Mmoja angesema ni ya ofisini, mwingine ni ya kuonyesha gari alilonunua, mwingine ni ya kupelekea mama nyumbani. Jibu hilo ndilo lililochagua chupa. Picha ya gari, ya nyumba, ya cherehani inayouzwa, ilisafishwa kwa dawa ya maji. Picha itakayokaa kwa mama, kwa mke au ukutani ilisafishwa kwa dawa ya unga, bila mjadala.

"Mzee, picha ni picha," nilimwambia siku moja. "Kwa nini umfiche mtu sura yake?"

"Haya, mjuaji," akasema, akaendelea kukoroga.

Sasa nimtaje dada yangu, maana yeye ndiye mwenye hadithi. Ni dada mkubwa, tumepishana miaka tisa, na ndiye aliyenilea, kwa sababu mama alitoka nyumbani alfajiri kwenda sokoni Gikomba na kurudi jua limezama. Dada alinipikia, alinipeleka shule, alinichapa nilipostahili na mara mbili tatu ambapo sikustahili. Mpaka leo anaishi katika nyumba ileile ya Shauri Moyo. Mimi ndiye niliyehama nikaenda Buru kujifanya mtu.

Katika nyumba hiyo kuna ukuta wa picha. Nyumba nyingi za watu wetu zina ukuta wa namna hiyo sebuleni: fremu zimepangwa juu ya viti, kila moja imevalishwa kitambaa cha kufuma, na mgeni wa heshima akija anasimamishwa hapo na kujulishwa mmoja mmoja. Huyu ni baba, alikuwa reli. Huyu ni mama siku ya ubatizo. Huyu ni fulani aliyekwenda ng'ambo. Karibu zote zilitoka studio ya yule mzee, nyeusi na nyeupe, laini. Dada yupo pale pia, akiwa na miaka kumi na sita, ana nywele za kusuka na shingo ndefu. Baada ya hiyo hakuna picha yake nyingine.

Hakuna kwa sababu yangu. Nilikuwa na miaka saba. Tulikuwa na stovu ya mafuta ya taa, ile ya kupampu, na nilikatazwa kuigusa. Mchana mmoja niligusa. Nilipampu nikapampu, nikifurahia ile sauti, halafu nikasikia hatua za dada mlangoni nikaiacha na kukaa mbali kama malaika. Aliinama kuiwasha na ikamrukia. Moto ulimshika upande wa kushoto, kuanzia sikioni mpaka karibu na pembe ya mdomo.

Mama alipouliza, dada, akiwa amefungwa bendeji nusu ya uso, alisema valvu ya stovu ilikuwa imekufa. Alisema hivyo akiniangalia mimi. Hajawahi kusema vingine, na mimi, Mungu anisamehe, sijawahi kumsahihisha.

Kovu lenyewe, ukikutana naye leo, halikusumbui. Limelingana na ngozi, analipaka mafuta kila asubuhi, na zaidi ya yote dada ni mtu wa kucheka. Uso wake hautulii mahali pamoja upate kuukagua. Watu waliomfahamu miaka mingi watakuambia hawana habari ya kovu lolote. Lakini picha haicheki, na dada alilijua hilo kuliko mimi niliyejiita fundi. Kwenye arusi za watu alikuwa mtu wa kubeba mikoba ya wengine wakati wa kupanga mstari.

Basi kijana wake wa pekee akapata mchumba. Msichana mzuri, wa familia ya magharibi mwa nchi, watu wa kanisa na wenye heshima zao. Siku ikapangwa: wakwe watakuja Shauri Moyo kuona nyumbani, Jumamosi, baada ya wiki tatu. Dada alipaka nyumba rangi. Alifua vitambaa vyote vya kufuma. Halafu akanipigia simu, na nilijua ni jambo zito kwa sababu hakuanza na utani.

"Nataka unipige picha," akasema. "Ya kuweka ukutani. Watasimama pale, na mimi mama wa nyumba niko pale kama msichana wa shule. Watasema huyu mama amejificha wapi miaka yote hii?"

"Aki dada, umechelewa tu kuniambia."

"Lakini unipige laini. Kama zile za mzee. Ifanane na zingine, isikae peke yake kama mgeni. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nimesema laini."

"Dada, hebu niachie kazi yangu."

Mpwa wangu alikuwa karibu naye, nikamsikia akisema kwa nyuma, "Si anko atumie simu tu, tuweke filta, iwe poa?" Dada akamfokea kwamba picha ya simu ukutani pale itaonekana kama kalenda. Alitaka filamu. Aliniamini mimi na filamu yangu.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Alikuwa amevaa gauni la samawati, mkufu wa marehemu mama, na kitambaa cha kichwa alichokifunga mara nne mpaka kikamridhisha. Nilimketisha dirishani. Alipokaa, bila kufikiri, akanigeuzia shavu la kulia, lile zima.

"Geuka huku," nikamwambia.

"Si upige upande huu tu?"

"Mwanga uko huku."

Mwanga ulikuwa kila mahali. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Nairobi limejaa chumba kizima. Nilitaka ule mwanga wa kando upite juu ya kovu uliinue, kwa sababu tayari kichwani mwangu nilikuwa nimeiona picha, na haikuwa picha ya ukuta wa dada. Kikundi chetu kilikuwa kinaandaa maonyesho mjini, ya nyuso za watu, na mimi sikuwa na uso wa kupeleka. Sasa nilikuwa nao. Hilo sikumwambia.

Aligeuka. Alikaa vizuri, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza toka utoto wangu nikamwona dada yangu ametulia kabisa. Nilipiga filamu nzima. Alipochoka alisema, "Hizo zinatosha, hata za mazishi," tukacheka, akanipa chakula.

Jumamosi iliyofuata nilifunga dirisha la bafu kwa blanketi, nikaiingiza filamu kwenye mkebe, nikatoa mkono kuelekea kwenye rafu. Nakumbuka vizuri kwamba mkono ulisimama. Swali la mzee lilinijia lenyewe: hii picha itakaa kwa nani? Nilikuwa na jibu. Jibu nililijua tangu siku ya simu. Chupa kubwa ya unga ilikuwa imejaa, mpya, tarehe yake nimeiandika mwenyewe.

Tena ningeweza kuikata filamu katikati, mle gizani, kwa mkasi, nusu nikaisafisha kwa unga na nusu kwa maji. Nimefanya hivyo mara nyingi nikijaribu dawa, tena kwa picha za nguzo za stima na paka wa jirani. Kwa nguzo za stima nilikuwa na subira hiyo! Kwa uso wa dada sikuwa nayo. Nilijiambia nusu ya filamu ni kidogo, huenda picha nzuri kuliko zote ikaangukia upande wa unga ikapotea. Kupotea, ndivyo nilivyoiita.

Nikachukua chupa ndogo. Nikapima matone yangu, nikayachanganya na maji mengi, nikatikisa kidogo kidogo kama inavyotakiwa, maana ukitikisa sana ule ukingo hauchoreki. Nilifanya kazi safi. Hata leo nikiitazama negativu ile sioni kosa la mkono.

Na picha ilitoka, jamani. Kila unywele ulikuwa pale. Ufumaji wa kitambaa cha kichwa ulihesabika uzi kwa uzi. Na lile kovu, ambalo machoni ni kahawia juu ya kahawia, lilisimama kama ukuta wa shamba, na kila mkunjo wa jicho ukapata mstari wake. Punje zilijaa shavuni kama unga wa ugali uliomwagika mezani. Dada alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwenye picha alikuwa na themanini. Mimi nilisimama bafuni na karatasi inadondosha maji, nikajisifu kwa sauti.

Niliikuza, nikaiweka fremu, nikampelekea Ijumaa, siku moja kabla ya wageni. Ijumaa, ili kusiwe na muda wa kubishana. Hilo pia nililipanga.

Aliifungua mezani, mwanawe amesimama kando. Akaitazama. Akaenda chumbani kuchukua miwani, akarudi, akaitazama tena.

"Kwani ulikuwa unanipiga mimi," dada akauliza, "ama ulikuwa unapiga kovu?"

"Dada, hii ni picha ya ukweli. Ina ukali. Watu wakiiona..."

"Watu gani?"

Mpwa wangu akaiangalia tena, akasema polepole, "Anko, hii ni noma," na hakukusudia kunisifu. Akatoa simu, akasema anaweza kuipiga na kuilainisha, waichapishe mahali asubuhi. Ningesema ndiyo, mambo yangeisha. Nikakasirika. Nikasema kazi yangu haipakwi poda kwa simu. Mimi huyo, na ulimi wangu!

"Wacheni," dada akasema. "Msumari tayari upo. Itundikeni." Kisha akanishukuru. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Wakwe walikuja Jumamosi, watu kumi na mmoja, wakiongozwa na shangazi wa msichana, mama mcheshi mwenye sauti ya kwaya. Dada alikuwa amependeza. Alikuwa na lile gauni la samawati na mkufu uleule, amepaka poda yake kidogo, anapita kila kona akicheka na kuwasukumia watu chapati. Baada ya kula, wageni wakainuka kujulishwa ukuta, na dada ndiye aliyekuwa akieleza. Baba, alikuwa reli. Mama, siku ya ubatizo. Mimi nilikuwa mlangoni na kamera yangu shingoni.

Shangazi akafika kwenye picha yangu, akasimama. Akasogeza uso karibu.

"Na huyu nyanya?" akauliza kwa upole sana. "Pole, aliungua? Huyu ndiye mama yenu uzeeni? Naona mkufu wake amekuachia wewe."

Chumba hakikunyamaza, watu waliendelea na maongezi yao, vikombe vililia. Ila mimi nilisikia kila kitu. Nilimwona dada akiitazama picha, kisha akimtazama yule mama aliyekuwa amekosea bila ubaya wowote, na mbele ya wageni kumi na mmoja. Angesema, "Huyo ni mimi." Maneno matatu tu. Yule mama angeona aibu ya kufa, siku ingeharibika, na kijana angekuwa ameanza ukwe kwa fedheha. Dada aliyapima hayo yote kwa muda wa kumeza mate.

"Ndiyo," akasema. "Ni mama yetu. Alishatuacha."

"Pole sana. Alikuwa na uso wenye nguvu. Na aliyempiga ni nani? Ni kazi ya fundi kweli."

"Ni ndugu yangu huyu," dada akasema, akaninyooshea mkono. "Yeye ni fundi tangu utotoni."

Wageni wakageuka kunitazama, wengine wakanitikisia kichwa kwa heshima. Nami nikatikisa kichwa pia. Nilisimama pale kwa mara ya pili katika maisha yangu nikimwacha dada aseme uongo kwa ajili yangu, na sikumsahihisha. Ule uso niliuharibu mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto.

Jioni, wageni walipokwisha kwenda, nilimwomba anisamehe. Nilimweleza yote, maonyesho, chupa, mkasi. Alikuwa anaosha vikombe.

"Ningekuwa nimekuambia mara moja tu ningesema ulisahau," akasema. "Lakini nilikuambia mara ngapi?"

"Nipe nafasi nyingine. Nitakupiga upya, kesho, kwa unga. Tutaitoa ile."

"Tuitoe, halafu wakirudi tuwaambie marehemu amekwenda wapi?" Akacheka, kicheko chake kilekile cha siku zote, na hicho ndicho kilichoniua. "Mimi nishakufa kwa huo ukuta, ndugu yangu. Ukinipiga tena nitawatisha watu."

Kwenye maonyesho sikuipeleka. Wenzangu waliniuliza iko wapi ile picha niliyowasimulia kwa mbwembwe, nikasema filamu iliingia mwanga. Nilijaribu kuinusuru kwa kila njia ninayoijua. Niliikuza tena na soksi ya nailoni juu ya lenzi, kama mafundi wa zamani walivyofanya. Macho yakapotea na kovu likabaki. Nilimfuata mzee wa studio kwao Majengo, kwa sababu zamani alikuwa akizirekebisha nyuso kwa penseli juu ya negativu yenyewe. Mikono yake sasa inatetemeka. Aliishika negativu kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza, akanirudishia.

"Ilikuwa ya kukaa kwa nani?" akauliza.

"Kwa dada."

Hakuniita mjuaji. Aliniuliza tu kama nina njaa.

Yaliyoingia kwenye filamu hayatoki tena, hata wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanaelewa hivyo. Kwa hiyo nimebaki na jambo moja la kipuuzi ninalolifanya. Dawa ya unga ikishakorogwa haikai; baada ya miezi michache inachoka na kugeuka rangi. Tangu Jumamosi ile sijaiacha chupa kubwa ilale tupu. Ikichoka naimwaga, nakoroga nyingine, naandika tarehe. Mara nyingi nimeimwaga bila kuitumia hata mara moja, maana nilikuwa naingoja filamu moja tu. Mke wangu ananiuliza ninamwaga nini kila wakati, nasema ni dawa imeharibika.

Arusi ilipita. Dada alibeba mikoba. Mwaka jana wakapata mtoto, msichana, na yule shangazi akaja Shauri Moyo kumwona, akambeba mpaka ukutani, akamlinganisha na ile picha. "Amechukua macho ya marehemu," akasema. Dada akamjibu kwamba wengi wanasema hivyo. Mpwa wangu ilibidi atoke nje.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kumpiga mtoto picha. Ana miezi sita, hajui kukaa, ukimweka kitini anaanguka upande kama gunia. Mama yake alikuwa kazini, tulikuwa mimi na dada na mtoto.

"Utamshika?" nikauliza.

Dada akafikiri. Kisha akaenda nyuma ya kiti, akapiga magoti, akainama chini kabisa, leso akajifunika kichwani, na kutoka huko nyuma akapitisha mikono miwili akamshika mtoto kiunoni. "Haya, piga," akasema kutoka chini ya leso. "Na uharakishe, magoti yananiuma."

Nilipiga. Sikumwambia ageuke, sikumwambia mwanga uko wapi. Nikarudi Buru nikaisafisha kwa dawa ya unga, nikitikisa taratibu. Ilitoka laini. Mtoto anacheka, na kiunoni mwake kuna mikono miwili ya dada, mishipa inaonekana kwa mbali, pete ya mama kidoleni, punje huzioni hata ukitafuta.

Nilimpelekea Jumapili iliyopita. Hakwenda kuchukua miwani. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole pale mikono ilipo.

"Hii imetoka vizuri," akasema.

"Ni ile ya unga."

Akaitundika mwenyewe, chini ya ile nyingine. Akarudi nyuma hatua moja kuona kama imenyooka.

"Si nilikuambia," akasema, bila hasira yoyote, akaenda kuangalia chai.